Maji Yaliyoingia Dirishani

Shoga, leo asubuhi fundi wa kuosha kuta aliniambia, "Bibi, mashine hii ya maji ina nguvu. Usiiguse mpaka nirudi na ngazi."

Nikaigusa. Uzee wote huu, nikaigusa. Niliona utando wa buibui karibu na dirisha, nikasema niutoe tu.

Ikanishinda mkono. Maji yakaingia dirishani, yakagonga dari, yakamnyeshea mjukuu wangu mchanga kitandani.

Mkaza mwanangu akatoka naye, wote wanachuruzika. "Mama, fundi alikuambia nini?"

Alikuambia nini. Mimi ninayewakanya watoto wa watu kila siku. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilijua hatanipa tena mtoto. Akanikabidhi. "Mshike, mama, nikaanike godoro."

Sikuweza kumtazama mkaza mwanangu usoni. Mtoto kanilalia kifuani, ndiyo kwanza amesinzia.