Mto Blyth, Mkono wa Kulia

Jumamosi, 28 Juni
Nimeosha vyombo. Nimepiga pasi sare. Mama yuko kazini kliniki, Oud Metha, Baba zamu ya mchana. Nyumba kimya. Nimetoa ramani chini ya godoro.

Hili sijamwambia mtu yeyote: naijua pwani ya Suffolk, mashariki mwa Uingereza, kuliko ninavyoijua Kenya. Maktaba ya shule ilikuwa inatupa jalalani ramani za zamani. Niliokota moja, nikaificha ndani ya shati. Southwold na mnara wake mweupe wa taa, umesimama katikati ya nyumba za watu. Walberswick, ng'ambo ya mto. Dunwich, mji uliokuwa mkubwa, bahari ikayala makanisa yake moja moja. Nikilisoma jina hilo mwili unanisisimka.

Na mto Blyth. Mimi nimezaliwa Dubai. Hapa maji yakipita kati ya majengo, kuna mtambo ulioyachimbia njia. Mto ule unatoka bara wenyewe na kuifikia bahari wenyewe. Sijawahi kuona kitu kama hicho.

Darasani wangenicheka. Nanyamaza.

Ijumaa, 4 Julai
Auntie Wambui amekuja kuaga. Ni mdogo wake Mama, analea watoto wa madam mmoja hapa hapa mtaani kwetu, Al Twar. Kila kiangazi familia ile hukimbilia Uingereza. Miaka yote walimchukua yaya mwingine. Safari hii ni yeye.

Mama akauliza wanafikia wapi. Auntie akasoma kwenye simu yake, kwa shida. Southwold.

Niliangusha kijiko. Nikasema, bila kupanga, kwamba huko kuna mnara wa taa na mto. Wote wakanigeukia. Masikio yalinichoma moto.

"Kumbe huyu ni profesa," Auntie akasema. "Basi profesa, nipangie."

Madam amempa Jumapili mchana, yake mwenyewe. Awe amerudi kabla ya maghribi. Akichelewa, khalas, hakuna Jumapili nyingine mpaka Septemba. Auntie alikuwa amepanga kulala tu. Nikamwambia asilale.

Mpango: atoke mnarani, ateremke hadi mlango wa mto, avushwe kwa mashua ya makasia, aone kanisa la Walberswick, arudi vivyo hivyo. Saa moja jioni awe mlangoni. Maghribi ni saa moja. Ndivyo msikiti wa mtaa wetu unavyoadhini.

Jumamosi, 5 Julai
Wameondoka. Kila ndege inayopita juu nadhani ni yao. Ramani ni ya zamani. Je, kama mto umehama? Sijala vizuri.

Jumapili, 6 Julai
Niandike kwa mpangilio.

Kule wako nyuma yetu kwa saa tatu. Simu za mtandao hazishiki huku, kwa hiyo tunatumiana sauti. Yaani yeye hutuma sauti, mimi huandika. Siipendi sauti yangu.

Picha ya kwanza: mnara. Mweupe kweli. Kila kitu kiko pale nilipokiacha kwenye karatasi. Picha ya pili: mto. Rangi ya chai ya maziwa, unakwenda. Niliitazama mpaka macho yakaniuma.

Kisha kanisa. Kuna kanisa dogo limejengwa ndani ya magofu ya lile kubwa. Auntie alinong'ona: "Profesa, nimekaa ndani nikaomba. Mimi, peke yangu, bila mtoto mgongoni." Akakaa sana. Nami sikumharakisha.

Kisha hii, anahema: "Mashua imefungwa. Mwenyewe ameenda. Naiona njia ya nyumbani hapo ng'ambo, naiona hivi. Nifanye nini?"

Kwake ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili jioni. Ramani haionyeshi saa za mashua. Kosa langu. Niliandika maelezo marefu. Akajibu miwani ameiacha nyumbani, herufi hazioni. "Ongea, mami. Ongea tu."

Nikabonyeza. Nikafuta. Nikabonyeza tena, nikasema kwa nguvu mpaka Mama akaja mlangoni: "Auntie, ipe bahari mgongo. Mto uwe mkono wako wa kulia. Fuata ukingo, utakuta daraja la miguu. Ukishavuka, geuka uelekee baharini. Mto ubaki kulia vilevile."

Dakika zikapita. Nilidhani nimempoteza kwenye matope. Mama akakaa kando yangu.

Kisha ikaingia sauti ya buti juu ya chuma. Alikuwa darajani.

Alifika saa moja imepita, amenisimulia. Alianza kuomba msamaha akiwa bado barabarani. Madam alikuwa nje na kikombe cha chai. Akamtazama, akatazama jua. "Wambui, kwani unakimbia nini? Maghribi huku ni saa tatu usiku. Yalla, rudi katembee."

Saa tatu usiku, jua. Nimesoma kila jina la pwani ile, wala sikuwahi kujiuliza jua lake linatua lini. Nililipima kwa adhana ya Al Twar. Naona aibu. Lakini zaidi ya aibu, nashangaa. Dunia ni kubwa hivi.

Jumatatu, 7 Julai
Asubuhi nilikuta picha moja. Auntie alirudi mtoni. Jua limeinama upande wa bara na maji yote yamekuwa dhahabu, matope pia. Jumapili ijayo madam amempa tena. Anauliza Dunwich ni mbali kiasi gani.

Nilitoa ramani chini ya godoro, nikaitandaza mezani wakati Mama na Baba wanakunywa chai. Baba akasogeza kikombe chake. Nikaweka kidole kwenye daraja, nikaanza kuwaeleza, kwa sauti.