Diski ya Kuibiwa

Kindu, Jumamosi, jua likizama bila kuonekana. Mvua imenyesha tangu asubuhi, si ile ya kishindo, ni ile ya kuchuruzika kama mtu anayelalamika bila kutaja kosa. Shati limelowa, koo limekauka, mikono bado inanuka petroli. Nina hasira. Acha niandike kwanza, kuoga kutangoja.

Mama Albertine alifariki juzi. Aliuza mchele wa Kibombo katika soko la Kasuku miaka yote ninayoikumbuka, ya vita ikiwemo. Kisha kiharusi kikamnyang'anya maneno. Wajukuu wake wadogo wanamjua kama bibi wa kutikisa kichwa tu. Hawajawahi kumsikia akisema hata "karibu". Jana binti yake, Furaha, alisimama mlangoni kwangu na kitambaa cheusi kichwani, akauliza kitu kimoja: "Papa Musafiri, ile sauti ya mama, ungali nayo?"

Anataka watoto waisikie kabla jeneza halijatoka nyumbani.

Nilijibu ndiyo. Nilijibu haraka mno. Sauti ilikuwa ndani ya mashine yangu, na mashine ilikuwa imekataa kuitoa.

Wakati wa vita nilikuwa mtangazaji wa redio ndogo hapa mjini. Treni zilikuwa haziji, sabuni ilikuwa hadithi, chumvi ilikuwa siri ya nyumba. Nilizunguka na kinasa sauti cha kaseti, betri nikizianika juu ya bati la moto zijipatie uhai wa dakika chache, nikiwauliza wanawake wa soko, Mama Albertine akiwemo, wanaishije. Miaka baadaye ukungu ulipoanza kula kaseti, nikahamishia yote kwenye kompyuta, katika diski mbili, kila moja nakala ya mwenzake. Kidhibiti cha diski kilichomo kwenye ubao mama, ubao mkuu wa kompyuta, ndicho huandika kote kuwili kwa pamoja. Mafundi huuita mpangilio huo kioo. Ulikuwa uamuzi mzuri. Bado nautetea.

Mwaka jana ubao ule uliungua. Nikapata mwingine wa ukoo uleule, ila mkuukuu zaidi, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Kidhibiti kina programu yake ndogo, moduli inayokaa ndani ya BIOS, ile programu inayoamka kabla ya kitu kingine chochote ukibonyeza kitufe cha kuwasha. Moduli ya ubao huu wa pili ni ya zamani kuliko ile iliyounda kioo changu. Ikazitazama diski zangu kama askari wa kizuizi cha barabarani anavyotazama kitambulisho asichoweza kukisoma: haizijui, basi hazipiti. Nikajaribu kuchomeka diski moja kwenye kompyuta mpya ya dukani. Ikaniambia diski hii haijapangwa, je, niipange? Yaani, je, niifute? Nikaichomoa kama mtu anayemtoa mtoto kisimani.

Dawa inajulikana: kubadilisha moduli ile kwa toleo jipya. Nikaenda kwenye tovuti ya watengenezaji. Wameandika kwamba bidhaa hii imefika mwisho wa maisha.

Mwisho wa maisha!

Nimesoma vitabu vingi katika umri wangu, vya majemadari, vya mapadri, vya wanauchumi, lakini sijawahi kuona tangazo la msiba lililoandikwa kwa utulivu namna hii na muuaji mwenyewe. Ubao unawaka. Unapata joto. Feni inazunguka. Wao wameshaufanyia maziko, wameshasahau kaburi, wanatuma mwaliko wa harusi ya ubao mwingine. Na tafadhali, msinianzishie hotuba ya madini. Najua kinachochimbwa Pangi na najua kinaturudia kwa umbo gani. Hotuba hiyo nimeihutubia mwenyewe mpaka imenichosha mimi kabla ya wasikilizaji. Safari hii sikuomba haki ya dunia. Niliomba faili moja.

Faili nikaipata kwa mtu nisiyemjua, kwenye jukwaa la mtandaoni la watu wanaopenda mashine zilizotelekezwa. Amechukua BIOS ya ubao wangu, akang'oa moduli ya zamani, akashona mpya mahali pake, akaiweka hapo bure. Sijui yuko nchi gani. Mungu ampe uzee wenye meno.

Lakini kuandika BIOS upya ni jambo la kushikilia pumzi. Umeme ukikatika katikati, ubao unakuwa kigae, basi. Na umeme wa mji huu ni mgeni asiyeaga. Jenereta ninayoiamini ni moja tu, ya Kambale, mfanyabiashara kutoka Kivu Kaskazini mwenye duka la kompyuta Kasuku. Na jenereta ya Kambale, kukiwa na msiba, inaenda matangani. Hakuna anayekataa hilo hapa, hata mgumu wa namna gani. Kwa hiyo leo adhuhuri nikaivika kompyuta yangu turubai, nikaipakia kwenye pikipiki, nikaifuata jenereta kwenye msiba.

Diski nilibeba moja. Ya pili nilimwachia mke wangu aifiche kwenye debe la unga.

Nieleze. Katika kaseti yake Mama Albertine anasimulia alivyohifadhi chumvi yake. Aliigawa mafungu mawili. Moja aliliweka pale ambapo mtu mwenye bunduki angeliona akiingia tu, juu ya kabati, karibu wazi kabisa. Hiyo aliiita chumvi ya kuibiwa. Kwa sababu mwizi ukimwacha mikono mitupu atabomoa nyumba, lakini akipata kitu atajiona mjanja na kuondoka. Ya pili, ya kula, hakuna aliyejua iliko, hata mumewe. Tangu niyasikie maneno yale sijawahi kupeleka kitu cha thamani mahali kizima kizima. Leo nilibeba diski ya kuibiwa.

Kwenye uwanja wa msiba maturubai yalikuwa yamefungwa, jeneza liko sebuleni, kwaya ya akina mama imekaa karibu na spika. Nikaweka mashine mezani. Nikaomba spika zizimwe na mtu yeyote asiguse jenereta, hata kuitia petroli, mpaka niseme. Ukimya ukashuka, na katika ukimya ule nikawasikia wawili wa kwaya nyuma yangu.

"Anafanya nini huyu?"

"Anaombea mashini."

"Basi aombe mbio. Sisi tuko na maiti hapa."

Nikatia faili. Mstari ukaanza kujaa taratibu kwenye skrini. Sijui kama nilipumua. Ukajaa. Ubao ukajizima, ukajiwasha wenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu niupate ukaitambua diski yangu. Ukasema imetoka kwenye mashine ngeni. Ukanipa njia mbili: niipokee kama ilivyo, au neno la pili, initialize la Kiingereza, ambalo kila aliyepita shule zetu za Kifaransa analisoma kwa sura yake ya Kifaransa: initialiser.

Nilikuwa nanyoosha kidole kwenye njia ya kwanza. Nasema kweli, kidole kilikuwa hewani.

"Papa Musafiri," Kambale akasema nyuma ya bega langu, kwa upole wa mtu anayepima suruali ya mteja, "hii mashini ni ya kutupa. Kwangu iko mupya. Utapumuzika."

Nikageuka.

Kambale ni mtu mwema. Viti vyote vya msiba huu ni vyake. Ana ugonjwa mmoja tu, hawezi kuona kitu cha zamani bila kukionea huruma. Nami nina ugonjwa wangu, na leo umenigharimu: siwezi kuachia sentensi ya kijinga ipite bila kuikamata. Nikanyanyuka kitini. Nikamuuliza kama na jeneza lile atalibadilisha kwa jipya. Nikamuuliza kama mashine yake mpya inajua kusoma kilichoandikwa mwaka juzi. Akasema, "Mambo ya zamani inakulia muda, ee Papa." Nikasema mambo ya zamani ndiyo yametukalisha hapa leo, na hata mchele tunaokula hapa unakumbusha jina la marehemu. Nilikuwa nasema vizuri. Watu walikuwa wananisikiliza. Nilisikia raha, nakiri.

Nyuma yangu Papa Dieudonné alikuwa amesogeza kiti.

Yeye ni yaya wa marehemu, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa huku. Amezeekea kwenye karakana ya reli. Kazi yake ilikuwa kuziamsha injini za treni asubuhi zilipogoma. Alikuwa anangoja sauti ya dada yake. Aliona mashine imesimama, inangoja mtu, na neno limeandikwa wazi. Kwa fundi wa reli wa Kindu, initialiser ni kuanzisha. Na injini iliyosimama unaifanya nini kama si kuianzisha?

"Nimeianzisha, mudogo yangu!" akaniita kwa furaha. "Iko inatembea!"

Hapo ndipo uchawi wote ulipo, katika neno moja. Sisi tunaanzisha kitu kilichopo. Hawa walioandika moduli wanaanzisha kwa kufuta kilichokuwepo. Kabla sijafika mezani mashine ilikuwa imemaliza, imejisifu kwa mstari mmoja mfupi. Diski tupu, safi, tayari kwa matumizi.

Nilimwita muzee mujinga. Kwa sauti yangu ya redio. Mbele ya kwaya, mbele ya wajukuu, hatua chache kutoka kwa jeneza la dada yake.

Alikitazama kidole chake. "Si ilikuwa imesimama?" akasema polepole. Hakuwa anajitetea. Alikuwa anauliza kweli.

Furaha alitoka sebuleni. Hakunikaripia. Aliuliza tu, "Sauti imeenda?"

Ningependa kuandika hapa kwamba nilimjibu mara moja kwamba iko nyingine nyumbani. Lakini hasira ina uziwi wake. Nilisimama pale nikiilaani moduli, nikiwalaani watengenezaji, mpaka mwanakwaya mmoja, yuleyule wa "aombe mbio", akasema: "Albertine hakuweka chumvi mahali pamoja, mwenyewe ulituambiaga kwa redio. Wewe uliweka?"

Ndipo nikakumbuka debe la unga.

Kambale alikuwa ameshawasha pikipiki yake. Tulikwenda na kurudi ndani ya matope. Mke wangu alitoa diski ikiwa nyeupe kama mtoto aliyepakwa poda. Niliipuliza njia nzima. Nikaichomeka. Swali lilelile, njia zilezile mbili. Safari hii mtu angeitukana hata maiti ya baba yangu, nisingegeuka. Nikachagua ya kwanza. Kioo kikakubali, kikinung'unika kwamba kimebaki na upande mmoja.

Furaha akawaita watoto wakae chini mbele ya spika.

Kwanza mlio wa kaseti. Kisha mvua ya zamani juu ya bati, ikachanganyika na ya leo. Kisha yeye, mzima, mkali, kama anasimama nyuma ya magunia yake:

"Weye kijana, zima kwanza hicho kitu! Muntu hajavaa kitenge, unamuuliza habari ya vita!"

Uwanja wote ukapasuka kwa kicheko. Wajukuu walitazamana mdomo wazi, kisha mdogo kabisa akageuka kuangalia mlango wa sebule, kama vile bibi atatokea na kitenge chake. Furaha alicheka mpaka kicheko kikageuka kuwa kilio. Akasema, "Rudisha pale." Nikarudisha. "Tena." Habari ya chumvi tulifika baadaye sana, na wala hawakuijali kama walivyojali yale makaripio.

Kambale alitoa mfukoni flashi mpya, akanitazama nisithubutu kusema kitu. Tukanakili yote, flashi akabaki nayo. Duka lake limeingia kwenye mkakati wa chumvi.

Basi, moduli imebadilishwa, ubao uliozikwa na wenyewe unafanya kazi, sauti imepatikana. Kwa nini basi nimekaa hapa na hasira ileile?

Kwa sababu Papa Dieudonné hakusogea karibu na spika. Alisikilizia pembeni, kwenye ukuta, mikono nyuma, kile kidole kikiwa kimefichwa ndani ya mkono mwingine. Nilipoondoka nilimpungia. Alinipungia kwa kichwa.

Nimetumia maisha yangu nikiwapigania watu dhidi ya maneno ya wakubwa yasiyowajali. Leo neno la wakubwa limemtega mzee wa watu, na mimi nimemtukana aliyetegwa. Makala gani itafuta hiyo?

Asubuhi jeneza linatoka. Furaha ameomba sauti ipigwe wakati wanalinyanyua. Mtu mmoja atahitajika kukaa mbele ya mashine na kubonyeza. Nitafika mapema, nitaunganisha kila kitu, nitahakikisha petroli imejaa. Kisha nitamtafuta Papa Dieudonné pale ukutani, nimlete mbele ya watu walewale waliosikia tusi langu, nimkalishe kwenye kiti changu.

Nimefikiria maneno ya kumwambia, mengi, mazuri. Nimeyafuta yote. Nitasema: "Yaya, anzisha."