Hita ya Gari la Kulala

Nkuhungu, Dodoma
9 Julai 1995

Baba Stara,

Sisi wazima. Stara kafaulu darasa, na anakuamkia. Karanga za Mlali mwaka huu zimekubali, nami nazisomba mwenyewe kwa lile gari la kulala ulilotutumia kutoka Ujerumani.

Ila wanunuzi walinirudishia magunia matatu, wakidai yananuka dizeli. Kumbe ni ile hita ya chini ya kitanda, mpira wake wa dizeli unavuja. Nikamwita fundi Mazengo aing'oe. Akachomoa waya wa betri, akaziba njia ya dizeli kule kwenye tangi, akaandaa bati la kufunika tundu la sakafuni. Ilipobaki nati ya mwisho akanitazama.

"Mama Stara, mwenyewe akirudi akaiulizia?"

"Fungua, fundi. Karanga hazisikii baridi."

Uliposema tukizeeka tutalala humo, Julai isitutetemeshe, niliamini. Gari nikalitunza kama chumba cha wageni, sikupakia hata debe. Mpaka mdogo wako Shaban aliporopoka habari za mtoto wako wa huko. Ana miaka minne. Wewe umeondoka mitano. Hesabu hiyo haikuhitaji kalamu.

Kitanda nacho nimekitoa. Sasa yanaingia magunia kumi na mawili.

Hita nimeisafisha, nikaifunga kwenye kiroba. Shaban atakuletea akija huko Septemba. Huko kwenu ndiko inakohitajika. Huku baridi tumeizoea.

Ni mimi,
Rukaya binti Masudi