Nani Kapigwa Faini

Kasokola,
Mpanda, Katavi.
12 Juni 2025.

Mpendwa mama mdogo Mariana,

Wala sikununa, mama mdogo. Nilinyamaza kwenye simu kwa sababu sikuwa na jibu, ndiyo maana naandika. Lakini kwanza shikamoo. Habari za Ikola? Kifua kimetulia? Na baba mdogo Gervas, mguu wake unamruhusu kushuka ziwani? Huku kwetu tu wazima, mahindi yameingia ndani yote.

Swali lako la msibani, lile ulilolirudia kwenye simu, bado natembea nalo. "Generosa, mbona macho makavu? Bwana amekuwa mtamu kuliko mama?" Ulikuwa umempoteza dada yako, sikulaumu. Mimi nilikuwa nagawa sahani. Nilimzika mama kama mtu anayegawa sahani.

Ni kweli bwana ni mtamu, sitakudanganya. Luhende akirudi malishoni namjua kwa mluzi kabla ng'ombe hawajatokea, na moyo unatangulia zizini. Ananipelekea maji bafuni, yeye mwanaume wa Kisukuma, mpaka kaka yake Makoye anamtania, "Wewe umeoa au umeolewa?" Anajibu, "Vyote viwili." Nani mwingine angejibu hivyo?

Najua nina furaha, mama mdogo. Ila ni kama mguu uliokufa ganzi: nauona, ni wangu, nikiugusa hausikii.

Uliuliza kama bado nafundisha. Ndiyo, najitolea darasa la kwanza hapa shuleni kwetu, Kiingereza. Tunacheza zaidi kuliko kuandika. Tuna soko letu, majani ya mpera ndiyo dagaa, na watoto wanaita "Fish! Fish!" kwa sauti kama ya mama alipokuwa akiuza pale mwaloni. Nilisimama nikawasikiliza. Sikusikia kitu moyoni, nikaendelea na somo.

Siku moja mama mkwe alipita karibu na darasa, akasikia watoto wote wakiitikia "We are fine, thank you teacher." Alirudi nyumbani mbio. "Luhende, watoto wote wale wamepigwa faini? Walilisha wapi?" Wafugaji wa huku neno hilo wanalijua, ng'ombe akikanyaga hifadhi tu, faini. Luhende alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo salamu yake ya jioni ni hiyo, "Mke wangu, faini?" Nami namjibu, "Faini."

Shida ni kwamba watoto walikuwa hawana jibu lingine. Mmoja alianguka akachubuka goti, nikamuuliza "How are you?" Akasema "I am fine, thank you teacher," huku machozi yanamfika kidevuni.

Basi nikawatungia mchezo. Luhende alisokota mpira wa mifuko na kamba ya katani, mzuri kama wa dukani, mimi nikachora nyuso ubaoni: happy, sad, angry, hungry, tired. Anayerusha mpira anauliza hali, anayeudaka anajibu. Kinywa na uso visipofanana, darasa zima linapiga kelele "Faini!" na unakwenda kukaa mlangoni mpaka useme neno la kweli. Wanaupenda kuliko uji.

Jumanne kabla ya kufunga shule, binti mmoja mdogo, Minza, alinirushia mimi.

"How are you, teacher?"

"I am happy," nikasema, nikatabasamu.

Minza akaniangalia usoni kama anayesoma ubaoni.

"Faini, madamu."

"Faini ya nini? Si nimecheka?"

"Yamecheka meno."

Hapo ndipo darasa zima likapiga kelele. Sheria niliitunga mwenyewe, nikaenda kukaa mlangoni. Mchezo ukasimama, wote wananisubiri. "Sema, madamu, urudi."

Nikasema, "I am sad."

Sikulia, mama mdogo. Walinipigia makofi kama wanavyompigia yeyote anayekombolewa, mpira ukaendelea. Lakini nilibaki palepale nikisikia vidole vya mikono vinanichomachoma. Unajua ganzi inapoanza kutoka, ndipo mguu unapouma.

Jioni Luhende akaja na maziwa. "Mke wangu, faini?" Nikafungua mdomo, lile jibu letu halikutoka. Akaweka kibuyu chini. "Basi twende Ikola kwa mama," akasema.

Kwa hiyo jibu lako ni hili: bwana hakuwa mtamu kuliko mama. Niliona watu wote wanalia, nikasema mimi nitakuwa mzima, na nikakwama kwenye uzima huo kama watoto wangu wa darasani na ile "fine" yao.

Nisalimie baba mdogo Gervas, Upendo na mwanawe, na Felisiani mwambie shemeji yake anamletea samli. Mungu akulindie pumzi, na dagaa wako wakauke bila mvua.

Tutakuja sote wawili kabla mwezi huu haujaisha, tuanue matanga pamoja. Nikifika mlangoni uniulize hali. Nikikwambia mzima, usinipe kiti. Nipige faini.

Mwanao akupendaye, uliyebaki kuwa mama yake,
Generosa