Ndege Anayevimba Uongo Ukisemwa

Mama yangu mdogo Faida,

Mimi babu yako nina miaka sabini na tisa. Nimepita vita viwili, kambi moja ya wakimbizi, cherehani tatu, madaktari wawili walioniambia niache chumvi, na bibi yako, ambaye sikutaka kumpita. Baridi ya Minneapolis nimeipita mara kumi na moja bila kuvaa zile soksi za sufu alizoninunulia mama yako. Hayo uyajue kwanza, usije ukadhani anayekuandikia ni mzee wa kulialia.

Nakuita mama kwa sababu jina lako ni la mama yangu, na kwetu aliye na jina la mama ni mama. Ulipokuwa na miaka sita ulinituma maji, nikaleta. Muulize mtu yeyote wa kwetu Uvira kama kuna aliyewahi kunituma maji.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Shule niliiacha darasa la tatu, kwa hiyo herufi nazishona moja moja, na leo ni siku ya nne. Nimeomba barua hii isomwe kanisani kabla ya kutumwa kwako, maana nilikukosea mbele ya watu.

Unakumbuka saa kumi zetu? Baba yako yuko hotelini Bloomington anafua mashuka, mama yako naye yuko kazini anaogesha wazee wa watu. Wewe unashuka kwenye basi la shule, unatupa begi, tunafungua televizyo. Ile katuni ya Kijapani ya viumbe wa ajabu, iliyoanza baba yako hajaoa na mpaka leo haijaisha. Kiingereza mimi hakiniingii. Wewe Kiswahili unasikia ila mara nyingi unajibu kwa Kiingereza. Lakini wale viumbe tuliwaelewa sawasawa, mimi na wewe.

Ulikuwa unawachora kwenye kaye yako, lile daftari la jalada jekundu, mimi naandika majina chini. Kobe mwenye birika mgongoni, linalochemka akikasirika, nilimwita Mama Mkwe. Mbweha mwenye masikio ya majani, akilia mvua inanyesha, tukamwita Msimu. Lile jitu la mawe linalolala katikati ya reli, treni zote zinasubiri liamke, hilo ni Shefu, maana mashefu wa kwetu, wale wakubwa wa serikali, nawajua. Na yule ndege mdogo wa bluu, anayevimba kila uongo ukisemwa karibu naye, mpaka anapaa kama puto. Huyo hatukumpa jina. Ulisema litakuja lenyewe.

Ndege huyo aliniletea taabu. Nikianza kusimulia nilivyobeba cherehani mgongoni kukimbia vita, wewe unauliza:

"Babu, how many days?"

"Siku nne."

Mashavu yako yanavimba.

"No, Babu! Jana ulisema mbili!"

"Mbili za mvua. Siku ya mvua inahesabiwa mara mbili."

Ulicheka mpaka maziwa yakakutoka puani, yakaja kwenye shati langu la Jumapili.

Halafu ikaja ile Alhamisi. Kikundi cha maombi kilikuwa kwetu. Siku zile kanisani tulifundishwa kwamba viumbe wa katuni ni mashetani, wanaingia kwa macho ya watoto, na mimi mzee wa kanisa niliitikia amina kuliko wote. Kiongozi wa maombi akakalia kitu, akavuta kaye chini ya mto wa kiti. Akafungua. Akauliza, "Nani ameyapa mashetani majina ya Kiswahili?"

Nikasema, "Mambo ya mtoto hayo. Mimi hata kuandika sijui."

Ulikuwa umesimama mlangoni pa jikoni na sahani ya karanga za wageni. Ukanitazama. Mashavu yako yakavimba, mbele ya watu wote. Nami nikakufokea, "Toka hapa!" Nikachukua kaye, nikashuka ngazi, nikaitupa kwenye pipa kubwa la takataka nyuma ya jengo. Niliporudi walikuwa wanaimba. Sauti yangu ndiyo ilisikika zaidi.

Hukulia. Uliacha tu kuja kukaa saa kumi. Majira ya joto baba yako akapata kazi Arizona, mkahama, nami nikakataa kuwasindikiza uwanja wa ndege. Nilisema goti linauma. Goti lilikuwa zima. Sasa ni miaka mitatu, nikipiga simu mama yako anasema, "Baba, anaoga." Mtoto gani anaoga hivyo? Samaki?

Katuni bado inaendelea. Naitazama. Nakaa upande wangu wa kiti, upande wako umebaki na lile shimo dogo la ulipokuwa unakaa. Wamekuja viumbe wapya kumi na watatu na hawana majina. Najaribu, jina linakuja, nageuka kukuambia. Basi nawaita "wewe" na "wewe."

Sasa sikia nisiyowahi kusema. Asubuhi ya Ijumaa nilirudi kwenye lile pipa. Niliingia ndani mzima mzima, na theluji, na koti langu la kanisani. Gari la taka lilikuwa limeshapita. Wote niliwaambia nilianguka kwenye barafu.

Na hili pia. Cherehani niliibeba siku moja na nusu. Njia yote iliyobaki ilibebwa na bibi yako, na baba yako alikuwa tumboni.

Nimenunua kaye nyingine nyekundu. Nimechora wote ninaowakumbuka, nikaandika majina, nikaipeleka kwenye maombi. Kiongozi akasema, "Mzee, haya si tulishayatupa?" Nikamwambia, "Mwandiko ni wangu. Na ule wa kwanza ulikuwa wangu. Mtoto hakuwa na kosa." Mama Sifa, jirani yangu, akachungulia: "Kobe huyu mbona ana miguu mitano?" Nikamwambia wa tano ni mkia. Wamecheka mpaka leo.

Kaye inakuja na barua hii. Kurasa kumi na tatu za mwisho nimeziacha wazi. Chora wewe, au zichane.

Kama huniamini, Mama Sifa aliniona ndani ya pipa na hajawahi kumwambia mtu. Kikundi kizima kilinisikia nikisema mwandiko ni wangu. Habari ya cherehani ilikuwa na shahidi mmoja tu, bibi yako, naye hayupo. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza nimemchora yule ndege wa bluu. Jina lake limekuja: Shahidi. Mweke karibu nawe, soma tena tangu mwanzo, na umtazame.

Hajavimba.

Mtoto wako mzee,
Babu