Wosia Wangu na Jina la Elikana

Bugendana, Gitega,
Burundi.
17 Agosti 2014

Mpendwa mdogo wangu Vumilia,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji na binti yenu Hidaya. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyopewa Kasulu imekusaidia, au bado unaamka asubuhi ukishika ukuta? Na mahindi mmeshavuna? Huku tunaendelea vizuri, Mungu ashukuriwe. Maharage mwaka huu yamezaa mpaka tumekosa pa kuyaanika. Happy ametulia kwa mume wake, na Riziki bado anasoma, ingawa kusoma kwenyewe ni kwa kusukumwa.

Shemeji yako Venansi ndiye alitutisha. Mwezi wa tano alianguka shambani, tukambeba mpaka hospitali, wakasema ni presha. Alilala huko siku nne. Sasa amerudi kama alivyokuwa, anagombana na kuku wangu kila asubuhi. Lakini mimi sijarudi kama nilivyokuwa, ndugu yangu, na ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu. Haya si mambo ya kusema huku salio linakatika.

Najua siku hizi macho yako hayaoni karibu na Hidaya ndiye anayekusomea barua. Hii tafadhali isome mwenyewe, hata kama itabidi uishike mbali kwa mkono ulionyooka.

Alipotoka hospitali Venansi alisema tuandike wosia. Jirani mmoja akanong'ona kwamba tunaita kifo kwa jina lake. Mimi nilidhani ni kazi ya asubuhi moja: tunakaa mezani, mmoja anaandika, mwingine anakubali, basi. Nilijidanganya sana.

Tulianza kwa wakili mmoja mjini Gitega, mwenye kiti kinachozunguka. Alitutajia bei yake. Venansi akamuuliza, kwa heshima kabisa, kama bei hiyo ni pamoja na jeneza. Tukaondoka kwa miguu tukicheka, lakini njiani kicheko kikaniishia. Nilikuwa nafikiria wasichana.

Unajua huku mashamba yanavyokwenda kwa watoto wa kiume. Thomas, yule mtoto wa baba mdogo wake Venansi aliyebaki hapa miaka yote tuliyokuwa wakimbizi Tanzania, alituambia hatuna sababu ya kuhangaika na makaratasi. Alisema mtoto wa kiume tunaye, kwa hiyo shamba lina mwenyewe. Thomas si mtu mbaya. Tuliporudi mwaka 2008 alitugawia nusu ya shamba bila kutupeleka mahakamani, na wewe unajua waliorudi wangapi walinyimwa hata pa kujenga choo. Lakini sisi tunataka Happy na Riziki wapate kama Elikana. Na Thomas alipotamka "mtoto wa kiume mnaye", niliinuka nikaenda kuchochea moto usiohitaji kuchochewa.

Baadaye tukasikia habari za chama cha akina mama pale mjini, wanasaidia watu wa kawaida kuandika wosia bila malipo. Kuna mama anaitwa Zuena, Mwislamu wa Gitega kabisa, mcheshi, anazungumza kile Kiswahili chao cha huku. Tulimwambia tunataka wosia mmoja wa watu wawili. Akatikisa kichwa.

"Hapana, mama. Muko bawili, makaratasi iko mbili. Bwana yako ataandika yake, na we utaandika yako, kwa mukono yako mwenyewe."

Nikamwambia sisi tuna nyumba moja, jembe tunapokezana, kitanda kimoja miaka ishirini na saba, sasa karatasi mbili za nini? Akanitazama, akasema, "Kitanda moja, sawa. Lakini hamutakufa siku moja."

Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, na sijaacha mpaka leo. Kila jibu lilizaa swali. Tulikuwa tumekuja na Happy awe shahidi, akatolewa nje, eti anayepewa hawezi kushuhudia. Nikauliza, sasa nani atashuhudia mambo ya nyumba yangu, mtu asiyenijua? Zuena akasema ndiyo, huyo ndiye mzuri zaidi. Niliitikia tu, lakini sikuelewa, na hata sasa naelewa nusu.

Tukapewa kila mmoja karatasi yake na kalamu. Venansi akaanza. Unajua anavyoandika, taratibu kama anapanda karanga. Nilichungulia. Aliandika: "Namwachia mwanangu Elikana." Akashuka mstari. "Namwachia binti yangu Happy." Akashuka tena, Riziki. Hakusimama popote. Hakuinua hata kichwa.

Mimi nina kile kishamba cha migomba kando ya mto nilichonunua kwa maharage yangu, nina ng'ombe, nina cherehani niliyotoka nayo kambini. Happy nilimwandika. Riziki nilimwandika. Kwa Elikana niliandika "Namwachia", kisha mkono ukagoma.

Hebu fikiri, Vumilia. Venansi hana hata tone moja la damu kwa mtoto yule, akaandika "mwanangu" bila kupumzika. Mimi niliye dada yako, niliyemlisha uji kwa kijiko, nikashindwa. Nilimwambia Zuena naumwa kichwa, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Nilikuwa naona ile siku ya mwaka 1997 tulipokusanywa wakimbizi wote kijijini kule Tanzania na kupelekwa kambini. Wewe ulikuwa umekwenda Kasulu kwa wakwe zako watarajiwa, mtoto wako umeniachia kwa siku mbili tu, ana miaka mitatu. Pale langoni walikuwa wanatuhesabu. Watoto wasio na mzazi walikuwa na mstari wao peke yao, wanalia, wamefungwa vitambulisho shingoni. Yule mwandishi akanyoosha kidole kwa Elikana akauliza, huyu wa nani? Nikasema, wangu. Nilisema ili asipelekwe kwenye mstari ule. Akamwandika kwenye kadi yetu ya chakula.

Nilidhani tutarekebisha. Lakini kadi ya chakula ndiyo ilinakiliwa kwenye fomu ya kurudi nyumbani, na fomu ndiyo ilinakiliwa komini, ile ofisi ya serikali ya hapa kwetu, na komini ndiyo iliyompa kitambulisho. Neno langu moja la langoni sasa lina mihuri minne.

Wewe ulikuja kambini baada ya miezi miwili, umeolewa, umeleta sweta la bluu. Ulikaa siku mbili, ukamwogesha, ukamkata kucha. Yeye alikuwa ananiita mama mbele yako. Ukaondoka bila kusema unaniachia. Na mimi sikusema niachie. Tuliongea habari za chumvi na sabuni mpaka mwisho wa barabara.

Zuena alinifuata pale kwenye ngazi. Nilimweleza, maana nilijua nisipomweleza mtu nitapasuka. Akasema wosia haudai tumbo, mtu anaweza kumpa anayempenda. Niandike jina lake tu, Elikana, inatosha. Kwa sheria huenda inatosha. Lakini siku moja atasoma. Ataona Happy ni "binti yangu", Riziki ni "binti yangu", na yeye ni Elikana tu, kama mtu niliyekutana naye sokoni. Sasa niambie, hiyo ndiyo kweli ya kumwachia mtoto?

Na nikiandika kweli yote, Thomas akisikia kwamba si mtoto wetu wa kuzaa, atasema shamba lirudi kwao, na hapo wasichana nao wataanguka pamoja naye. Nikinyamaza nikaandika "mwanangu", nitakuwa nimekunyang'anya mara ya pili, safari hii kwa mwandiko wangu mwenyewe. Venansi anasema nafikiri kupita kiasi. Labda. Yeye wosia wake umeshagongwa muhuri na analala vizuri, anakoroma.

Jumapili iliyopita Elikana alikuja kutoka Gashoho. Siku hizi ana banda lake la kutengeneza baiskeli pale sokoni, mkoa mzima wa Muyinga unamletea magurudumu. Amekuwa mrefu, Vumilia, na akicheka anafunika mdomo kama wewe. Tulimwambia shamba litagawanywa sehemu tatu sawa. Nilitegemea atanuna. Akasema tu, "Mama, kwani nani alisema nataka yote?" Kisha akaenda kuangalia mnyororo wa baiskeli ya Thomas. Nilimtazama mgongo nikalia kimyakimya nikisingizia moshi. Kama anajua, sijui. Sijawahi kumwambia, na yeye hajawahi kuuliza.

Ndugu yangu, karatasi yangu iko kwa Zuena, kwenye bahasha. Imeandikwa yote, ila kabla ya jina la Elikana kuna nafasi ya neno moja. Miaka kumi na saba nimemlea, nimemuuguza surua, nimemchapa, nimemshonea sare. Lakini sikukuomba. Nilimchukua langoni kwa sababu ya hofu, kisha nikakaa naye kwa sababu ya mapenzi, na wewe ukanyamaza kwa sababu ulikuwa na huruma kuliko mimi. Hilo linanichoma, na wala sikuwa najua linanichoma mpaka niliposhika ile kalamu.

Kwa hiyo leo ndiyo nakuomba, nikiwa nimechelewa hivi. Nipe ruhusa niandike "mwanangu". Ukisema hapana, sitakulaumu, nitamwita nimweleze kila kitu mimi mwenyewe, na tutapambana na Thomas kadiri Mungu atakavyotujalia. Ukisema ndiyo, sema kwa barua, kwa mkono wako, nami nitaihifadhi pamoja na wosia, ili siku atakaposoma karatasi hizo aone kwamba alipewa, hakuokotwa.

Nisalimie shemeji, nisalimie Hidaya na mwambie akusaidie kuchota maji. Venansi anakusalimu kwa kelele zake zote. Happy na Riziki wanamsalimu mama yao mdogo. Mungu akulinde, wewe na nyumba yako na goti lako.

Elikana naye anakusalimu sana. Alisema nisisahau kuandika salamu zake. Ila nimekaa hapa muda mrefu, sijui niandike anamsalimu nani.

Mimi dada yako nikupendaye,
Kasilda