Doa Jeusi la Tangi Namba Saba

Nyumba za Wafanyakazi, Na. 14,
Nyuma ya Matangi,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Yule mdogo ameacha kukohoa? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama mgongo bado unamsumbua, lakini anajikongoja mpaka jikoni kuja kunigombeza kuhusu chumvi, kwa hiyo usimhofie. Mimi ukiniangalia ni mzima. Rohoni si mzima, na nisipokuambia wewe nitapasuka.

Kiwanda kimesimama, leo siku ya kumi na mbili. Unajua kikinyamaza kinavyokuwa, mpaka mbwa wa mtaa wa pili unawasikia. Mabomba ya kupashia mafuta moto yameziba. Walipofungua la kwanza, ukoko ulikuwa umejaa hata kidole hakipenyi, mweusi, mgumu, kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Wasafishaji wanaupiga kwa maji ya kasi tangu asubuhi, wanatoka humo yanaonekana meno tu. Mmoja akanitania: "Dada wa maabara, lete sahani, ukoko wako umeiva!" Nikacheka nao. Kisha nikaenda chooni nikalia.

Kwa sababu ule ukoko najua ulikotoka, na wewe unajua.

Siku yangu ya kwanza maabara, nani alinifundisha kama si wewe? Ukaniambia mafuta mazito yana uchafu wake ndani, umeyeyuka, umetulia. Ukiyaongezea mafuta mepesi yasiyopatana nayo, uchafu unajitenga, unazama, na ukikutana na joto unaganda kwenye mabomba. Kwa hiyo kabla ya kuchanganya, tone moja juu ya karatasi nyeupe, saa moja kwenye oveni. Likitandaa rangi moja, changanya. Likiacha doa jeusi katikati, acha. Na aliyelisoma tone aandike uamuzi wake nyuma ya karatasi kwa mkono wake mwenyewe na kuweka sahihi, asije kesho akaruka. Hiyo sheria uliiweka wewe. Hata hili jina la Kitone ulinipa wewe, na mpaka leo kiwanda kizima kinaniita hivyo.

Ulipokuja mwezi uliopita na shati lako la makao makuu, meli ya mafuta mepesi ilikuwa imeshafika. Nikakuletea karatasi ya tangi namba saba. Doa lilikuwa limejikalia katikati, hata asiyejua kazi yetu angeliona. Nikakuambia, "Kaka, haya hayapatani." Ukatazama saa yako. Ukasema meli hairudi, na wakubwa hawataki kusikia habari za doa. Ukaigeuza karatasi, ukaandika "Changanyeni," ukasaini, ukanipigapiga begani kama mtu anayembembeleza mtoto.

Aliyefungua koki za tangi ni Mjomba. Alifanya kama alivyofanya miaka ishirini na sita: mafuta mazito kwanza, mepesi baadaye, polepole, huku amekaa palepale kwenye kiti chake cha plastiki mpaka mwisho. Nilipita mara mbili, nikamwona kwa macho yangu. Hakukosea hata kidogo.

Sasa ripoti yako imefika. Wameibandika ubaoni, karibu na mlango wa kantini. Eti "mhudumu wa koki aligeuza mpangilio wa kuchanganya." Aligeuza mpangilio, Kaka! Mtu ambaye hata chai yake hageuzi mpangilio, sukari kwanza, maziwa mwisho, ukikosea anakurudishia kikombe! Niliisoma mara tatu nikitafuta neno doa. Halimo. Ila sahihi ya chini naifahamu vizuri sana.

Baba alipofariki, nani alihamia kwetu akalala sebuleni miaka saba ili mimi na wewe tusigawanywe kwa ndugu? Nani alikuombea nafasi ya maabara, siku tatu mfululizo anasimama mlangoni kwa meneja? Leo umenawa mikono, mzigo wote umemtwika yeye. Wewe ni mkubwa wangu na sijazoea kukusema hivi, lakini umenitia aibu. Nimetafuta neno la adabu zaidi, sikulipata.

Kikao cha nidhamu ni Alhamisi, tarehe 20. Akikiri kosa, anafukuzwa, naye amebakiza miezi minane tu astaafu. Juzi nilimpelekea ile karatasi, maana zote nazihifadhi kama ulivyonifundisha. Akavaa miwani, akaigeuza, akautazama mwandiko wako kwa muda. Nikadhani sasa atawaka. Akasema, "Siku hizi anaandika vizuri, eh? Zamani ungedhani kuku amepita." Kisha akaniapisha nisiipeleke kikaoni. "Mimi nimeshazeeka, mama. Yeye ana watoto wadogo. Nitasema niligeuza."

Nimeapa, na sitavunja kiapo. Lakini hakunikataza kukutumia wewe.

Imo humu kwenye bahasha, karatasi yenyewe. Sijaipiga picha wala kutoa nakala. Nimempa fundi wa mita anayekuja huko kikazi akukabidhi mkononi, kwa hiyo Jumatano hii utakuwa nayo, na kikao bado kina wiki nzima. Ukitaka, ichane. Tunaojua ni watatu tu. Mimi nimeshaapa, na Mjomba hatakutaja maisha yake yote. Ukitaka, njoo nayo.

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu. Mama anakusalimu sana. Hili hajalijua, bado anawaonyesha majirani picha yako ya ofisini. Shangazi naye anakusalimu. Mungu akulinde huko uliko, na akupe moyo wa kuigeuza hiyo karatasi ukajisoma.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata kwa hasira hizi,
Kitone.

Nilikuwa nafunga bahasha, Mjomba akapita. Nikamwambia nakuandikia. Anakusalimu, na anauliza kama huko unakula vizuri.